Kompyuta ya Gemu: Jenga Mdogo Mdogo, Usikope Mara Moja

Mkopo wa simu una kazi yake. Mtoto akiugua usiku, au stoki ya kibanda ikiisha na wateja bado wanakuja, unakopa, unatatua shida, unalipa. Lakini kukopa elfu ishirini au thelathini kwa mpigo ili ununue kompyuta ya kucheza GTA V? Hapo mimi napinga.

Sipingi kwa sababu gemu ni upuzi. Mtu akishafanya kazi wiki nzima ana haki ya kujiburudisha. Napinga kwa sababu gemu yenyewe haihitaji mashine ya bei hiyo, na kwa sababu kompyuta ni kitu unachoweza kununua kipande kwa kipande huku ukiendelea kuitumia.

Gemu ya zamani, mashine ya zamani

GTA V ilitoka kwa konsoli mwaka wa 2013, ikaja kwa kompyuta Aprili 2015. Wenyewe walioitengeneza walipendekeza prosesa ya Intel Core i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya grafiki ya GTX 660 yenye GB 2. Kiwango cha chini kabisa kilikuwa RAM ya GB 4 na kadi ya GB 1.

Sasa tazama hiyo i5-3470. Ni prosesa ya mwaka wa 2012, na iliwekwa kwenye kompyuta nyingi za ofisi kama HP Compaq Elite 8300 na Dell OptiPlex 7010. Ndizo hizo za ex-UK unazoziona zimepangwa madukani Luthuli Avenue na Moi Avenue. Kumbe mashine iliyopendekezwa ni ile ambayo karani fulani alikuwa akiandikia barua! Taa za rangi rangi unazoona kwenye matangazo haziongezi kasi hata kidogo.

Angalizo moja: tangu Machi 2025 kuna toleo jipya la gemu hii kwa kompyuta, linaloitwa Enhanced, na hilo linataka mashine yenye nguvu zaidi. Hapa tunazungumzia lile la zamani, Legacy.

Vipande vinne, kwa mpangilio

Kwanza ni kasha, lile ambalo wengi wetu huita CPU. Tafuta lenye i5 ya kizazi cha tatu, na ukiweza chukua lile refu lililosimama badala ya lile jembamba. Jembamba linakubali kadi fupi tu, na pawa saplai yake ni ndogo.

Siku hiyo hiyo utaanza kucheza. Si GTA V, lakini San Andreas ya 2005 iliomba RAM ya MB 256 tu, na grafiki iliyo ndani ya i5 inaimudu vizuri. Kwa hivyo huketi ukitazama boksi tupu ukisubiri pesa zijae.

Pili ni RAM. Fikisha GB 8, na afadhali ziwe mbili za GB 4 kuliko moja ya GB 8, kwa sababu zikiwa mbili zinapitisha data kwa pamoja. Mashine hizi zinatumia DDR3 ya desktopu. Ya laptopu haiingii, hata muuzaji akikuapia.

Tatu ni SSD. Ilipotoka, GTA V ilihitaji nafasi ya GB 65, na masasisho yameendelea kuiongeza. Ukinunua SSD ya GB 120, Windows na gemu vitagombania chumba. Chukua kuanzia GB 240.

Nne, na ya mwisho kabisa, ni kadi ya grafiki. Hapa ndipo watu huliwa pesa. Kompyuta nyingi za ofisi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi umeme, kwa hivyo chagua kadi inayotosheka na umeme wa pale inapochomekwa, yaani wati 75 au chini. GTX 1050 Ti nyingi ziko hivyo. GT 1030 inatumia umeme mdogo zaidi, lakini iko ya aina mbili zenye jina moja: ya GDDR5 na ya DDR4. Ile ya DDR4 ni polepole sana. Uliza, kisha usome kwenye boksi mwenyewe.

Jihadhari pia na kadi bandia. Kuna kadi za zamani ambazo zimebadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z huwa inazifichua. Iweke kwenye flashi uende nayo dukani.

Hesabu ya pesa

Tuseme umekopa 20,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Mwezi ukiisha unadaiwa 21,600. Usipoweza kumaliza, ukawa unalipa ada na kukopa upya kwa miezi 6, utakuwa umelipa 9,600 na ile 20,000 bado iko pale pale. Hizo ni pesa ambazo zingeenda kwa RAM na SSD.

Upande wa pili, weka shilingi 100 kila siku. Kwa mwezi ni 3,000. Kwa siku 180 ni 18,000, na hakuna anayekupigia simu kukudai. Kila ukifikisha bei ya kipande kimoja, nunua hicho, kisha anza kuwekea kingine.

Kuna watakaosema, "Lakini hiyo mashine itanisaidia kazi, nitaedit video, nitachapa CV za watu." Sawa. Kama una wateja tayari, hiyo ni biashara na hesabu yake ni nyingine. Kama wateja bado ni ndoto, usiitumie ndoto hiyo kuhalalisha deni la gemu.

Lipa baada ya kuona

Akiba ya miezi sita inaweza kupotea kwa dakika moja. Mtu ameweka picha ya kompyuta safi mtandaoni, bei ni tamu, kisha anakuambia, "Kuna mteja mwingine anakuja, tuma deposit nikuwekee." Usitume. Maneno ya kukuharakisha ni dalili tosha.

Nenda dukani, au tuma mtu unayemwamini. Washa mashine. Angalia kama prosesa na RAM ni zile ulizoambiwa, cheza video dakika kumi usikie kama feni inalia. Ukiridhika, lipa kwa till ya duka na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa la mtu badala ya duka, uliza kwa nini. Omba risiti inayotaja modeli na muda wa waranti. Kama uko mbali, tuseme Garissa au Kitale, tafuta muuzaji anayekubali ulipe mzigo ukifika na ukishakaguliwa.

Kumbuka pia, huduma ya kurudisha muamala ni ya pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi. Haikusudiwi kukuokoa ukinunua kitu kibovu. Na mpokeaji akishatoa pesa, kuzirudisha huwa kibarua kigumu.

Jambo moja la usalama

Mashine hizi ni rahisi kwa sababu fulani. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na i5 ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Kwa hivyo iachie kazi ya gemu. Mambo ya benki na nywila za pesa yasiingie humo. Na gemu yenyewe, inunue halali wakati wa ofa. Nakala za wizi za kupitishwa kwa flashi mara nyingi huja na virusi, na virusi hivyo vinatafuta nywila zako.

Kama likizo iko karibu na mtoto anakusumbua, au ni wewe mwenyewe unajisumbua, leo fungua akiba ya lengo kwenye simu na uipe jina "Kasha". Likishanunuliwa, badilisha jina liwe "RAM". Wakati huo San Andreas itakuwa tayari inakungoja mezani.