Madini ya Mrima yasifuate njia ya mchanga wa Likoni

Tangu Februari 2014, meli zilikuwa zikitia nanga Likoni kupakia mchanga mzito kutoka Kwale: ilimenaiti, rutaili na zirkoni. Kampuni ya Base Titanium ilikoma kuchimba Desemba 2024. Kwa muda wote huo mchanga ulitenganishwa tu hapa nchini, kisha ukasafirishwa ng'ambo kugeuzwa bidhaa.

Zirkoni ndiyo inayotuhusu zaidi. Kutokana nayo hupatikana zirkonia, malighafi ya kauri ambazo si za sahani wala vigae. Zirkonia tupu ina ila moja: ikishapashwa moto kupita nyuzi 1,170 hivi kisha ikapoa, fuwele zake hutanuka na kauri hupasuka. Dawa yake ni kuichanganya na oksidi ya itriamu, mojawapo ya madini adimu. Mchanganyiko huo hupakwa mapanga ya injini za ndege yasiyeyuke, hupima oksijeni katika moshi wa magari, na hata meno bandia hutengenezwa kwao.

Aprili 2025, China, inayotawala soko hili, iliweka masharti ya vibali kwa madini adimu saba, itriamu ikiwemo. Tangu hapo mataifa makubwa yamezidi kusaka machimbo mengine, na macho yameelekezwa tena kwenye Kilima cha Mrima, Kwale, chenye madini adimu na niobiamu.

Kilima hicho kina historia. Leseni ya kampuni ya Cortec iliyotolewa Machi 2013 ilifutwa Agosti mwaka huohuo na Waziri Najib Balala. Cortec ilishtaki hadi Washington, ikashindwa 2018, jopo likisema leseni haikuwa halali kwa kukosa idhini ya mazingira. Aidha, Mrima ni msitu wa kaya ya Wadigo, na mwamba wake una thoriamu, madini yenye mnururisho.

Ikiwa yatachimbwa, leseni yenyewe iagize usafishaji ufanyike nchini. Eneo la kiuchumi la Dongo Kundu, papo hapo Likoni, linafaa kwa bandari na barabara. Lakini usafishaji huhitaji asidi kwa wingi na huacha taka zenye thoriamu (jambo ambalo wanasiasa hawalitaji majukwaani). Wakazi wa Likoni waonyeshwe kwanza, kwa maandishi, taka hizo zitazikwa wapi na nani atazilinda mwekezaji akishaondoka.