Mlimani Injini Haina Njaa ya Petroli

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika gereji za wazi za Sake, Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ni chache zinazowagharimu wenye pikipiki na magari ya zamani ya petroli zaidi kuliko ile isemayo kwamba injini inayokosa nguvu katika kupanda mlima inadai mafuta zaidi, na kwamba tiba yake ni kuvuta choki, ambayo mafundi wa Kivu huiita starteri, au kupanua jikleri, yaani kitundu chembamba cha shaba kinachopima petroli ndani ya kabureta. Hoja hiyo inavutia kwa kuwa mtu afanyaye kazi ngumu hula zaidi. Lakini kabureta si tumbo la mchukuzi, na katika milima ya Masisi ukweli ni kinyume chake.

Hewa inayovutwa na pistoni hupita kwenye koo jembamba la kabureta, kasi yake ikaongezeka na kanieneo yake ikapungua, na upungufu huo ndio unaonyonya petroli kutoka kwenye kibakuli kupitia jikleri. Ili petroli yote na oksijeni yote ya hewa viungue bila mabaki, kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vingi vya Masisi vinapita mita 2,000, mahali ambapo kila lita ya hewa ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ile ya pwani. Jikleri haijui kwamba imepanda mlima. Petroli inayonyonywa hupungua pia, ila kwa kiwango kidogo kuliko hewa, kwa sababu hufuata kipeuo cha pili cha msongamano wa hewa na si msongamano wenyewe, kwa hiyo mchanganyiko hujikuta na ziada ya petroli ya takriban asilimia 10. Kabureta za kiwambo cha mpira, ambazo koo lake hupanuka na kusinyaa kadiri ya mvuto wa injini, hujirekebisha kwa sehemu tu.

Kuvuta choki katika hali hiyo ni kumwongezea pombe aliyekwisha kulewa. Choki, iwe ni bati linaloziba njia ya hewa au kijiti kinachofungua njia ya pili ya petroli, iliwekwa kwa ajili ya injini baridi, ambayo ndani yake petroli haigeuki mvuke kwa urahisi. Injini ikishapata moto, choki iliyoachwa imevutwa huosha mafuta ya kulainisha kwenye kuta za silinda, huyazimua mafuta ya injini, na hulifunika bujia, yaani plagi, kwa masizi meusi makavu. Hata nguvu yenyewe hairudi. Honda, katika miongozo ya jenereta zake, hueleza kwamba nguvu ya injini hupungua kwa takriban asilimia 3.5 kila baada ya mita 300 za kupanda, hata kabureta ikirekebishwa ipasavyo. Anayetaka pikipiki ipande kutoka Sake hadi Mushaki kama inavyokimbia tambarare anadai kitu ambacho hakuna jikleri inayoweza kukitoa.

Watetezi wa imani hii wana ushahidi mmoja unaostahili kujibiwa: mara nyingine choki ikivutwa injini moto hufufuka kweli. Hilo hutokea, na maana yake ni kwamba petroli haifiki, wala si kwamba jikleri ya kiwandani ni ndogo. Kwenye barabara ya Masisi kwenda Walikale petroli hununuliwa mara nyingi kwa kadhafi, wachuuzi wa chupa na bidoni za njano, na bidoni iliyofunguliwa mara kwa mara katika nchi ya mvua hukusanya maji na uchafu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutua chini ya kibakuli, pale pale jikleri inaponyonya. Fundi makini hulegeza skrubu ndogo iliyo chini ya kibakuli, akakinga kinachotoka katika chupa angavu, na baada ya dakika moja huona matone ya maji yakiviringika chini kama ushanga, pengine pamoja na tope jekundu. Asiyefanya hivyo huchukua sindano au waya, hukwangua shaba laini, na tangu siku hiyo kitundu hakina kipimo.

Upotoshaji wa pili unahusu skrubu ya pembeni mwa kabureta, ambayo wengi huizungusha kwa kufuata mazoea. Ikiwa upande wa kichungi cha hewa, hupima hewa, na kuifungua hupunguza uzito wa mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini, hupima petroli, na kuifungua huuongeza. Fundi asiyetazama iko upande gani anaweza kuharibu zaidi huku akiamini anatibu, hasa kwa kuwa skrubu hiyo hutawala injini ikiwa silansa tu, yaani ikinguruma bila gesi, wala haihusiki na kupanda mlima gesi ikiwa wazi.

Dawa halisi ya mlimani ni kusafisha kichungi cha hewa, kushusha sindano ya kabureta kwa kusogeza kibano chake pengo moja juu, au kufunga jikleri ndogo zaidi. Tahadhari ni kwamba Walikale, kitovu cha wilaya, iko chini ya mita 1,000 ndani ya msitu, na pikipiki iliyopunguziwa petroli kwa ajili ya Masisi ikiteremka huko huungua kwa joto, bujia likageuka jeupe na pistoni ikawa hatarini, hivyo kilichobadilishwa juu lazima kirudishwe chini. Bujia ndilo shahidi wa kwanza, na kulifungua hakuhitaji zaidi ya spana moja. Fundi anayeagiza jikleri kubwa kabla hajalitazama hastahili malipo.