Kati ya Jembe na Mtoto Mchanga

Mama anayelima mahindi na maharage Nyamigogo, wilayani Biharamulo, huelezwa kliniki kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji wala uji. Ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, mvua zikianza, shamba halingoji miezi 6. Mama hulazimika kuchagua: ambebe mtoto juani kutwa nzima, au amwache nyumbani kwa dada yake wa miaka 7, pamoja na kikombe cha uji mtupu.

Mtoto huyo anapoletwa kwetu akiharisha, au uzito wake umeshuka kwenye kadi, swali letu la kwanza huwa: "Mama, unamlisha nini?" Ni nadra kuuliza: "Shambani unarudi saa ngapi, na nani anakusaidia?" Nami nimelifanya kosa hilo kwa miaka mingi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, kisha hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mkulima hana mwajiri, hivyo hana hata siku moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Kagera, mkoa wa ndizi, maharage na dagaa, uko juu ya wastani huo. Mara nyingi chakula kipo. Kinachokosekana ni muda wa mama.

Kwa maoni yangu, likizo ya mama mkulima haina budi kutolewa na kaya na kijiji. Baba achukue zamu ya maji, kuni na palizi. Serikali ya kijiji ifungue kituo cha kulelea watoto msimu wa kilimo, kwa kuwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inahimiza vituo vya kijamii vya aina hiyo. Nasi wahudumu tumfundishe mama kukamua maziwa na kuyaacha katika chombo safi chenye kifuniko, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Somo hilo walisikie pia baba na bibi.

Kumkaripia mama kliniki hakujawahi kumwongezea mtoto uzito.