Kifaa cha kulinda ng'ombe kisiwe ramani ya mwizi

KWA mfugaji wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, ng'ombe ndiyo benki. Mnyama akipotea au akiibwa, akiba ya miaka mingi huondoka kwa usiku mmoja. Kwa hiyo haitashangaza vifaa vya kuvalisha mifugo shingoni, vinavyotuma kwa redio taarifa ya mahali mnyama alipo, vikipata wanunuzi haraka. Lakini kabla ya kutoa fedha, mfugaji anapaswa kuuliza maswali mawili: betri inadumu muda gani, na nani anaweza kusoma taarifa hizo?

Vifaa hivi si sawa na hereni za kielektroniki za utambuzi wa mifugo. Hereni ya kawaida haina betri. Husomwa na mashine iliyo karibu, na hueleza mnyama ni wa nani, si yuko wapi.

Mfano mzuri uko nchi jirani ya Kenya. Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani waliwavisha punda milia mikanda ya shingoni katika hifadhi ya Sweetwaters, karibu na Nanyuki. Mradi huo, ulioitwa ZebraNet, haukutegemea minara ya simu. Kila mkanda ulipata mahali ulipo kutoka kwenye setilaiti, na wanyama walipokaribiana mikanda yao ilipeana taarifa, ili mtafiti akipita azikusanye kwa pamoja. Katika mtandao wa namna hii kila kifaa hubeba mzigo wake na wa jirani.

Tatizo kubwa lilikuwa umeme. Redio hula betri hata inaposikiliza tu bila kutuma kitu. Ndiyo maana mikanda ile ilizima redio na kuiwasha kwa saa maalumu, huku ikichajiwa na jua. Umbali nao una gharama: hata mahali pa wazi, kutuma mara mbili ya umbali hudai nguvu mara nne hivi. Kupitishia taarifa kwa jirani aliye katikati ni nafuu, lakini betri ya huyo wa katikati ndiyo itakayokufa kwanza. Mtandao mzuri hupokezana zamu, ukichagua njia yenye betri zilizojaa.

Hapo ndipo usalama unapoingia. Taarifa ikipita kwa jirani, jirani anaweza kuisoma, kuibadili au kuitupa. Isipogeuzwa kuwa fumbo linalofunguliwa kwa namba ya siri, yeyote mwenye mashine ya kupokea atajua zizi lilipo na mifugo inalala wapi. Mfugaji atakuwa amemnunulia mwizi ramani.

Mwizi si lazima avunje hilo fumbo. Mwaka 1999 Frank Stajano na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitahadharisha kuwa kifaa cha betri kinaweza kushambuliwa kwa kunyimwa usingizi: kinaulizwa maswali mfululizo mpaka betri iishe, kisha kinanyamaza. Kwa hiyo betri na usalama ni jambo moja. Kifaa kinatakiwa kimjibu kinayemtambua tu, na kila kimoja kiwe na namba yake ya siri, ili mkanda mmoja ukiibwa usifungue kundi zima.

Muuzaji akidai ameacha ulinzi ili kuokoa betri, asiaminiwe. Kinachokula betri zaidi ni redio, si kufumba taarifa.

Ni vema maofisa mifugo wa halmashauri na vyama vya ushirika wadai majibu hayo kwa maandishi, wavijaribu vifaa vichache kwa kiangazi na masika, na wahakikishe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Wakumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambebesha anayekusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda. Jina la mfugaji na mahali zizi lake lilipo visiishie mikononi mwa muuzaji asiyeulizwa.

Bei rahisi ni jambo jema, lakini kifaa kinachozimika ng'ombe akiwa porini, au kinachomwambia kila mtu alipo, ni ghali kuliko kukosa kifaa.