Kiti Bungeni Bila Lugha ni Uwakilishi Nusu

Aghalabu uwakilishi wa kisiasa unapojadiliwa, hoja huishia katika hesabu: wapiga kura ni wangapi, viti ni vingapi, na mipaka ipite wapi. Hesabu hizo ni muhimu, lakini hazitoshi. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: je, mwakilishi akishafika bungeni, azungumze kwa lugha ya nani? Nitalijibu kwa kurejelea eneo bunge moja la mkoa wa Ontario nchini Kanada, liitwalo Kiiwetinoong, jina ambalo katika Kiojibwe lina maana ya kaskazini.

Eneo hilo lilimegwa kutoka lile la Kenora–Rainy River, na wakazi wake wakapiga kura humo kwa mara ya kwanza mwaka wa 2018. Ukubwa wake unakaribia nusu ya Kenya, ilhali sensa ya 2016 ilihesabu watu wapatao 33,000 pekee, wengi wao wakiwa wenyeji wa asili. Huenda msomaji akauliza iwapo ni haki watu wachache hivyo kuwa na mbunge wao, wakati maeneo mengi ya Ontario yana zaidi ya watu laki moja. Naam, ni haki. Hata Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 89, inayaruhusu maeneo yenye wakazi wachache kutofautiana na kiwango cha wastani kwa hadi asilimia 40. Usawa usiozingatia umbali humnyima sauti aliye mbali.

Hata hivyo, kiti peke yake hakikutosha. Sol Mamakwa wa chama cha NDP alichaguliwa mwaka huo wa 2018, lakini kanuni za Bunge la mkoa zilitambua Kiingereza na Kifaransa tu. Lugha yake ya mama, Anishininiimowin, ilibaki mlangoni. Kanuni hizo zilibadilishwa Machi 2024, na tarehe 28 Mei akaihutubia Bunge kwa lugha hiyo huku wakalimani wakifasiri. Kwa jamii ambazo watoto wao waliadhibiwa katika shule za bweni kwa kuzungumza lugha zao, hilo halikuwa pambo.

Isitoshe, hakusimama kuisifu lugha tu. Aliuliza kuhusu makao ya kutunzia wazee mjini Sioux Lookout, naye kiongozi wa serikali ya mkoa, Doug Ford, akaahidi kwamba yatajengwa. Bila shaka, ahadi si jengo. Siku hiyo hiyo, wakazi wa Neskantaga, walio katika eneo bunge hilo, walikuwa wangali chini ya agizo la kuchemsha maji ya kunywa lililotolewa mwaka wa 1995. Lugha haisafishi maji. Lakini humwezesha mzee wa kijijini kujua alichoombewa na alichoahidiwa, na hivyo kuwadai mbunge na serikali kwa maneno yao wenyewe.

Sisi je? Kiswahili kiliingia Bungeni kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka wa 1974, na Kifungu cha 120 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Mamakwa alisubiri miaka sita kupata ruhusa ambayo wabunge wetu wamekuwa nayo kwa nusu karne. Lakini miswada yetu bado huandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi anayetakiwa kuitolea maoni hulazimika kutafuta wa kumfasiria. Kazi hiyo ni yetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tuifasiri miswada kabla haijawa sheria, badala ya kuishia kulaumu wabunge katika makongamano.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Nami naongeza kwamba mjumbe asiyeeleweka na waliomtuma hajafika.