Nani Aliyetuchagulia Herufi?

Wako wataalamu wenzetu wasemao kuwa Kiswahili hakina haja ya kupangiwa fonti katika kompyuta. Herufi zetu, wasema, ni za Kilatini, hazina alama juu wala chini. Basi fonti yoyote yatosha. Hoja hii ni nyepesi, na wepesi wake umetugharimu.

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Mbuchi katika delta ya Rufiji, alileta chuoni barua ya marehemu babu yake: Kiswahili fasaha kwa herufi za Kiarabu. Akaanza kuinakili kwa kompyuta. Alipofika penye neno ngalawa, ile ga iandikwayo kwa nukta tatu juu ya ain haikuwamo katika fonti ya chaguo-msingi. Kompyuta ikaiazima kutoka fonti nyingine, na neno likatoka limevunjika, herufi moja nene kati ya wenzake wembamba. Mkubwa mmoja akamwambia, "Andika Kilatini tu; kompyuta haikijui Kiswahili hicho."

La! Kompyuta haijui ila iliyofundishwa. Tazama programu ya LibreOffice: hugawa fonti za chaguo-msingi katika mafungu matatu, la lugha za Magharibi, la Asia, na la maandishi changamano. Kiswahili kimewekwa katika fungu la kwanza. Atakaye kukiandika kwa herufi za Kiarabu huweza kujikuta akichagua Kiarabu, na barua ya mzee wa Mbuchi ikaandikishwa kuwa si ya lugha yake. Lakini Kiarabu kina irabu fupi tatu, nasi tunazo tano. Kina konsonanti zake, nasi tuna pe, ve, che na ga. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha jirani haitatukaa sawasawa.

Je, tuwalaumu watengenezaji? Sioni haki hapo. Herufi hizo zimo katika Unicode. Msimbo sw-Arab upo kwa ajili ya Kiswahili cha maandishi haya. Fonti ya Scheherazade New, iliyotolewa na SIL, hupatikana bure. Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walitoa mapendekezo ya tahajia mwaka 1997, na Kevin Donnelly ametengeneza zana za kuyachapia. Chakula kimeandaliwa, ni sisi tusionyosha mkono.

Wengine watauliza: nani asomaye maandishi hayo leo? Nami nauliza: nani atakayeyasoma kesho, ikiwa idara ya Kiswahili yenyewe haiwezi kuyachapa? Miswada imejaa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya SOAS, London. Na ni nani ajuaye idadi ya barua zilizomo masandukuni mwa wazee wa pwani?

Simpingi Mlatini, kwa herufi zake naandika haya. Nataka jambo dogo: kila idara ya Kiswahili ichague fonti moja yenye herufi zetu zote, iiweke kuwa chaguo-msingi la maandishi changamano katika kompyuta zake, na imfundishe mwanafunzi kufanya hivyo. Ni kazi ya alasiri moja. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Na aliyeacha asili kwa uvivu wa kufungua mipangilio hana hata bwana wa kumlaumu.