Keekee ya betri isiingie karakanani kama mwanasesere

Keekee waliyoizungusha maseremala wa pwani yetu kwa uta na kamba, walipokuwa wakitoboa mbao za majahazi, ilikuwa chombo chenye subira. Ilipokwama mbaoni ilikwama tu, kwa kuwa nguvu zake zote zilitoka katika mkono wa fundi mwenyewe. Keekee ya betri ya volti 18 haina subira hiyo. Biti ikinasa, mashine huendelea kuzunguka, na kisichozunguka pamoja nayo huteguka. Mara nyingi kinachoteguka ni kifundo cha mkono.

Nayasema haya kwa sababu chombo hiki sasa kimeenea kila mahali, kuanzia vibanda vya Jua Kali hadi vyuo vya ufundi, na mtaala wa umilisi, uliofika sekondari msingi mwaka wa 2023, umewaleta watoto wa miaka 12 na 13 kwenye masomo ya awali ya kiufundi. Walakini yaelekea wengi wetu tumeshawishika kwamba mashine isiyo na waya haina madhara. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mgeni katika karakana ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mwanagenzi mmoja alikuwa akitoboa kipande cha bati alichokishika kwa mkono wa kushoto, akiwa amevaa glavu nzito za ngozi. Biti ilipokaribia kupenya upande wa pili ilinasa, bati likazunguka kama pangaboi, na ncha ya glavu ikavutwa pamoja nalo. Alinusurika na kidole kilichoteguka na jeraha kiganjani. Neno la kwanza la mwalimu wake lilikuwa: “Lakini alikuwa amevaa glavu!”

Hapo ndipo penye kosa. Glavu humfaa mtu anayebeba mabati, wala hazimfai anayekaribia kitu kinachozunguka, kwa kuwa hunaswa kabla ya mwenyewe kung'amua. Ndivyo zilivyo pia tai za sare ya shule, sweta zenye mikono mirefu, leso na nywele zilizoachwa wazi. Mwanafunzi na avue tai, akunje mikono, afunge nywele na avae miwani ya kinga. Miwani ya kusomea haitoshi, maana haizibi pembeni.

Bati lile lilipaswa kubanwa kwa jiliwa, juu ya kipande cha mbao. Lilipaswa kutiwa alama kwanza kwa msumari na nyundo ili biti isiteleze, na mkono upunguze mkazo pale biti inapokaribia kutokea upande wa pili, kwani ndipo inaponasa zaidi. Gia nayo ina maana yake: namba 1 huzunguka polepole kwa nguvu nyingi, ikafaa skrubu na biti nene, namba 2 huenda kasi na kufaa biti nyembamba. Ile pete yenye tarakimu huilegeza mashine skrubu inapofika mwisho, lakini ikielekezwa kwenye alama ya biti haiachilii tena. Anayetoboa ukuta akumbuke pia kwamba nyuma ya lipu huenda mkapita nyaya za volti 240, hasa juu na chini ya swichi. Betri ndogo haimkingi na hizo.

Mwenye mashine ya waya alizoea kuchomoa plagi kabla ya kubadilisha biti. Huyu wa betri hana cha kuchomoa ukutani, basi hubadilisha biti kidole kikiwa karibu na kitufe. Betri itoke kwanza. Kwangu mimi, mwanafunzi asiyeifanya ishara hiyo bila kukumbushwa hajafuzu, hata kama anaweza kutaja kila sehemu ya chombo kwenye karatasi ya mtihani.

Kuhusu utunzaji, kuna fundisho la zamani linalopaswa kuzikwa. Betri za nikeli na kadimiamu zilitaka kumalizwa moto kabla ya kuchajiwa, na walimu wengi wa rika langu wangali wanahubiri hivyo. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka wa 1991, huharibika zikifanyiwa hivyo mara kwa mara. Kabla ya likizo ndefu ziachwe na takriban nusu ya moto, zitolewe kwenye mashine, na ziwekwe mahali pakavu penye ubaridi. Stoo ya mabati inayochomwa na jua mchana kutwa ni tanuri kwao. Zisitiwe katika mfuko mmoja na misumari, kwani chuma kikigusa ncha zake zote mbili hutoa cheche. Zichajiwe kwa chaja yake yenyewe, baada ya kupoa. Iliyovimba isichajiwe tena wala kutupwa katika lile shimo la takataka tunalolichoma kila Ijumaa, hulipuka.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake mafunzo na maelekezo. Itakuwa ajabu mtu mzima wa kiwandani alindwe na sheria, na mtoto wa Gredi ya 7 akabidhiwe chombo kile kile kwa maneno “uwe mwangalifu” pekee.

Najua jibu la walimu wakuu: keekee ni moja na wanafunzi ni 40. Afadhali chombo kifungiwe kabatini, wasema, kisije kikaleta balaa. Lakini kutoa betri, kufunga biti, kuikaza na kurudisha betri ni kazi ya dakika moja kwa kila mtoto. Kipindi cha sekondari msingi kina dakika 40.